Mayai ya Siku ya Kumi na Nane

Mashine ya Gaudiosa iliibwa Jumapili asubuhi, kati ya wimbo wa kwanza na baraka ya mwisho, ikiwa na mayai mia moja sabini na sita ndani yake.

Inspekta Alistidia Kemilembe alifika mtaa wa Buhembe, Bukoba, saa saba mchana. Alikuta watu wamejaa uani wakiongea kwa sauti za chini, kama walio matangani. Akadhani ameelekezwa vibaya. Kisha akamwona mwanamke wa miaka sitini hivi, bado amevaa gauni lake la kanisani, ameketi kwenye kizingiti na kufuli lililokatwa mkononi.

"Wewe ndiye mwenye mali?" Alistidia aliuliza.

"Mali ni ya nyumba kumi na tisa, afande. Mimi nilikuwa mlezi tu."

Gaudiosa alieleza taratibu, huku akilizungusha lile kufuli. Mdondo, ule ugonjwa unaoua kuku, ulikuwa umepita mtaani na kufagia mabanda. Waliobaki ni kuku wachache wa kienyeji, wawili hapa, mmoja pale. Gaudiosa ndiye aliyekuwa na mashine ya kutotolesha vifaranga, aliyoagiza kwenye duka la mtandaoni. Akawaambia majirani walete mayai. Wakaleta, huyu manane, yule kumi na mawili, na kila yai akaliandika kwa penseli herufi ya mwenye nyumba.

"Leo yana siku ngapi?"

"Kumi na nane. Yanaanguliwa Jumatano."

"Na yakikosa joto?"

Gaudiosa aliwatazama watu waliosimama uani, naye Alistidia akawatazama, akaelewa kwa nini wanaongea vile.

Ndani, Koplo Kija alikuwa amechuchumaa na brashi yake ya unga akitafuta alama za vidole. Kija alikuwa Msukuma mrefu, mpole, aliyehamia Bukoba mwaka uliotangulia. Kihaya chake kilikuwa bado cha salamu tu, lakini macho yake hayakukosea.

"Alivaa glavu," alisema bila kuinua kichwa. "Ila njoo uone kitu, afande. Televisheni ipo. Redio ipo. Mkungu wa ndizi ule pale mzima."

"Kimekwenda nini?"

"Mashine. Betri ya sola. Blanketi la kitandani. Na chupa ya chai."

Alistidia alisimama katikati ya chumba. Mwizi wa kawaida angechukua televisheni. Mwizi wa mashine angeyamwaga mayai nyuma ya nyumba, mzigo uwe mwepesi. Alitoka, akazunguka nyumba yote, akachungulia hadi shimo la taka. Hapakuwa na gamba hata moja.

"Blanketi la kufunikia," alisema aliporudi. "Maji ya moto ya kuongeza joto njiani. Kija, mtu huyu hakuja kuiba mashine. Alikuja kuiba mayai, na anayataka hai."

"Basi bado yako hai," Kija akasema.

"Tuombe hivyo. Tuna siku tatu."

Jirani mmoja aliyebaki nyumbani kwa sababu ya mguu mbaya alikuwa ameona pikapu nyeupe ikipita mnamo saa nne na nusu. Hakusoma namba. Pikapu nyeupe Kagera ni kama kunguru, hakuna anayezihesabu.

Alistidia alirudi kwa Gaudiosa, akaketi naye kizingitini.

"Mama, nani alijua una mashine?"

"Majirani wote."

"Nje ya mtaa?"

"Hakuna, waitu," alijibu kwa heshima ya Kihaya. "Labda hao wanaoniandikia."

"Wanaokuandikia?"

Gaudiosa alitoa simu kutoka kwenye mkoba wake wa kanisani. Binti yake aliyeko Mwanza ndiye aliyemfungulia barua pepe, ili aweze kuagiza mashine. Tangu siku ile simu haikutulia. Chakula cha kuku. Mikopo ya wafugaji. Bima. Mapazia. Nywele za bandia. Barua sitini na tatu kwa mwezi mmoja, kutoka kwa watu ambao hakuwahi kuwasikia.

"Nilidhani ndivyo ilivyo," alisema. "Ukinunua kitu kimoja, unakuwa mteja wa dunia nzima."

Alistidia alizipitia moja moja. Kwenye ile ya Ijumaa alisimama. *Hongera Bi Gaudensia! Vifaranga vyako vinatoka Jumatano. Je, umejiandaa?* Mwandishi alijiita Huduma kwa Mfugaji. Jina la mtu halikuwepo, wala namba ya simu.

"Hawa wamejuaje siku?"

"Waliniuliza wiki mbili zilizopita. Yalikuwa maswali saba. Ukijibu, unapata zawadi ya kilo mbili za chakula cha vifaranga."

"Maswali gani?"

"Mashine yako inabeba mayai mangapi. Unaishi wapi, karibu na nini. Umeweka mayai tarehe ngapi. Siku gani na saa gani huwa haupo nyumbani, ili mleta zawadi asi..."

Aliusikia mwenyewe mdomo wake ukisema, akauziba kwa kiganja.

"Mawe," alimaka kwa Kihaya. "Nilimwandikia mwizi saa ya ibada."

* * *

Jumatatu saa mbili asubuhi mzee mmoja aliingia kituoni akiwa amevaa koti na kofia, ameshika daftari la kurasa mia. Habari za Buhembe zilikuwa zimeshafika mtaa wa Hamugembe. Alijitambulisha kuwa ni Ildefons Rugaibula, mwalimu mstaafu, naye alinunua mashine duka lile lile la Totoa Chapu. Alitoa kahawa ya kutafuna iliyofungwa kwenye jani la mgomba, akaiweka mezani kama mtu aliyefika ugenini kwa heshima, ndipo akafungua daftari.

"Afande, kuna jambo nimelifuatilia miezi minne nikisubiri siku mtu ataniuliza."

"Nakuuliza, Mwalimu."

"Mimi sina duka la mtandaoni ninalolipatia jina langu kamili. Kila duka nalipatia Ildefons, halafu jina la aina ya mgomba. Duka la vitabu linanijua kama Ildefons Nshakara. Duka la viatu, Ildefons Nyoya. Totoa Chapu, Ildefons Nchoncho."

Kija aliacha kuandika. "Kwa nini ufanye hivyo, mzee?"

"Ili siku ng'ombe wa mtu akiingia shambani kwangu nijue katoka zizi gani." Mwalimu alilamba kidole, akafunua ukurasa. "Sasa sikilizeni. Kampuni ya mikopo: Ndugu Nchoncho. Wauza bima: Ndugu Nchoncho. Wauza nywele za bandia: Mpendwa Nchoncho. Mimi, na upara huu!"

Alivua kofia ili ushahidi uonekane. Alistidia alicheka kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Na Huduma kwa Mfugaji?"

"Maswali saba. Ndugu Nchoncho."

"Ulijibu?"

"Afande, nimesahihisha mitihani miaka thelathini na sita. Mtu anayeuliza maswali bila kujitambulisha, kwangu anatoka nje ya darasa."

Alistidia alilifunga daftari taratibu, akaomba ruhusa ya kukaa nalo. Nshakara na Nyoya hawakuwahi kuandikiwa na mgeni hata mmoja. Aliyevuja ni Nchoncho peke yake.

Ofisi ya Totoa Chapu ilikuwa chumba kimoja ghorofani, si mbali na soko kuu. Mwenye duka, Judica, alikuwa msichana wa miaka ishirini na saba, mwenye kauli nzuri na kompyuta mbili. Aliwakaribisha viti. Aliposikia kilichowaleta, aliinuka akafunga mlango.

"Mimi siuzi taarifa za wateja," alisema.

"Unazigawa?"

"Tunashirikiana. Nina washirika watano. Mimi nawapa orodha yangu, wao wananipa zao. Wote wanafanya hivyo, afande."

"Wateja walikubali?"

"Kwenye fomu ya kuagiza kuna kisanduku. *Nakubali taarifa zangu zitumike na washirika.* Kina alama ya tiki."

"Tiki inawekwa na nani? Mteja?"

Judica aligeukia kompyuta yake.

"Nimekuuliza."

"Ipo tayari. Asiyetaka anaiondoa."

"Wangapi wameiondoa tangu uanze?"

"Hakuna."

"Kwa sababu wamekubali, au kwa sababu hawakuiona?"

Msichana aliinamisha kichwa. "Nilipoanza sikuwa na mteja hata mmoja," alisema baadaye. "Mtu akikupa majina elfu moja, na yeye anataka majina yako mia mbili tu, unakataaje? Nilidhani matangazo ni kero ndogo. Mtu anafuta, anaendelea na kazi."

"Katika orodha hiyo mnaandika nini?"

"Jina. Barua pepe. Mashine aliyonunua."

Alistidia alimwekea mezani simu ya Gaudiosa. "Soma hapo. Anaitwa nani?"

"Gaudensia." Judica alikunja uso. "Kosa hilo ni letu. Alipopata risiti alipiga simu kulalamika. Tukarekebisha."

"Lini?"

Vidole vilikimbia juu ya kompyuta. "Tarehe tatu mwezi uliopita."

"Na orodha mpya, yenye jina lake, uliwapa washirika wako lini?"

"Wanne niliwapa tarehe tisa."

Kija na Alistidia walitazamana. Kuanzia tarehe tatu jina lilikuwa sahihi. Waliopewa tarehe tisa wangemwita Gaudiosa.

"Na wa tano?"

"Yeye aliiomba mapema. Nilimtumia tarehe moja." Judica alianza kuelewa. "Ni Elikana wa Muleba. Ana duka la chakula cha mifugo na dawa. Afande, huyo ni mtu mwema. Ananiletea wateja."

"Ndiye pekee mwenye Gaudensia," Alistidia alisema, akanyanyuka.

* * *

Kabla ya kuomba hati ya upekuzi, alitaka kujua kama Muleba kulikuwa na wizi mwingine wa namna hiyo. Rejesta hazikuonyesha kitu. Ndipo alipokumbuka sanduku la barua pepe la dawati lake, ambalo wananchi walitangaziwa walitumie kutoa taarifa.

Alilifungua. Barua elfu mbili na zaidi hazijasomwa. Mapazia, viatu, masufuria, safari za kitalii, mapazia tena. Alijua zimetoka wapi. Mwaka jana aliagiza mapazia ya sebuleni kwake mtandaoni na, kwa haraka, akaandika anwani ya kazini. Tangu hapo alikuwa akizifuta kwa mafungu bila kusoma, na alipochoka kufuta akaacha kufungua.

Aliandika neno "mashine" kwenye sehemu ya kutafutia. Barua moja ikajitokeza, katikati ya tangazo la mazulia na tangazo la mazulia.

*Naitwa Sabina, wa Izigo, Muleba. Mashine yangu ya kutotolesha imeibwa nikiwa gulioni. Mayai yalikuwa na siku kumi na nane. Naomba msaada.*

Ilikuwa na wiki tano.

Alistidia aliisoma tena. Kija alijifanya anatafuta kalamu. Hatimaye Alistidia akapiga namba iliyoandikwa chini ya barua.

"Mama Sabina? Inspekta Alistidia, polisi Bukoba."

"Nilishakata tamaa na ninyi."

"Una haki. Barua yako ilifika, sikuisoma. Kosa ni langu mwenyewe, na ninakuomba radhi."

Sabina hakuwa amezoea polisi wanaoomba radhi.

"Uliza unachotaka kuuliza," akasema.

"Kabla ya wizi, ulijibu maswali saba kwenye barua pepe?"

"Nilijibu. Niliahidiwa kilo mbili za chakula cha vifaranga. Sijaziona mpaka leo."

"Uliandika siku gani huwa haupo?"

"Siku ya gulio," Sabina alisema. Kisha, taratibu: "Loo."

* * *

Jumanne saa tano asubuhi walifika Muleba na hati ya upekuzi. Duka la Elikana lilikuwa kando ya barabara, na nyumba yake nyuma ya duka. Pikapu nyeupe ilikuwa uani. Mwenyekiti wa kitongoji aliitwa awe shahidi, akaja akitikisa kichwa.

"Elikana? Huyu mzee wa kanisa? Afande, mna hakika?"

Kija alibisha hodi. Aliyefungua alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na kitu, macho mekundu kwa kukosa usingizi, mikono ya shati imelowa hadi viwikoni. Aliona sare. Aliona karatasi mkononi mwa Alistidia. Hakukimbia.

"Ingieni," alisema. "Ila nawaomba mfunge mlango haraka. Baridi inaingia."

Chumba kilikuwa na joto la jikoni. Ukutani kulikuwa na mashine kubwa kama kabati, imezimwa, milango wazi, haina kitu. Kwenye meza kulikuwa na mbili ndogo. Moja tupu. Nyingine ilikuwa imezungushiwa blanketi la maua, na kutoka ndani yake ilisikika sauti nyembamba, kama mtu anayefungua pipi kanisani kwa kujificha.

Alistidia aliinua ncha ya blanketi, akaangaza tochi kwenye kioo. Mayai yalikuwa yamelala kwa mistari. Herufi za penseli zilisomeka: R, M, B, tena R. Kwenye yai moja lenye K gamba lilikuwa limetoboka, na kwenye tundu kulikuwa na ncha ya mdomo inayopumua.

"Yameanza mapema," Elikana alisema. "Alfajiri."

Kija alitoa pingu, kisha akaitazama mashine. "Afande, tubebe vielelezo?"

"Ukiyasogeza sasa, yanakufa," Elikana alisema haraka. "Nifungeni mimi. Nipelekeni. Lakini hayo yaacheni mpaka kesho, na mtu aongeze maji kwenye kisahani. Unyevu umeshuka."

Alistidia hakumwamini mwizi juu ya mali aliyoiba. Alipiga simu Buhembe, akaeleza anachokiona.

"Anasema kweli," Gaudiosa alisema. "Usiyaguse, mwanangu. Usifungue kifuniko. Ongeza maji ya vuguvugu. Ninakuja."

Hivyo mahojiano yalifanyika pale pale. Kija aliweka kinasa sauti mezani kando ya mashine, mwenyekiti akaketi juu ya gunia la pumba, na Alistidia akamsomea mtuhumiwa haki zake.

"Huduma kwa Mfugaji ni nani?"

"Ni mimi."

"Uliandika maswali yale ili upate nini?"

"Nijue nani ana mayai ya siku kumi na nane. Kabla ya hapo yanahitaji kugeuzwa, safari inayaharibu. Baada ya hapo yanaanza kutoboka. Siku ya kumi na nane ndiyo pekee unayoweza kuyahamisha, ukiwa na blanketi na mikono mizuri."

"Buhembe ulikwenda na nani?"

"Peke yangu."

"Izigo?"

"Peke yangu. Mashine ile pale, tupu. Vifaranga vyake nimeshavigawa."

"Uliviuza?"

"Nimesema nimevigawa."

"Kwa nani?"

Elikana alifuta uso kwa mkono uliolowa. Mwenyekiti aliinama mbele ili asikie.

"Mwezi wa pili friji yangu ilizima siku mbili," alianza. "Ndani kulikuwa na chanjo ya mdondo. Chanjo ile ikipata joto inakuwa maji ya kawaida. Nilijua. Mimi ndiye ninayewafundisha watu hilo. Lakini siku iliyofuata nilikuwa nimeahidi kwenda Ngenge. Nikajiambia, huenda haikuharibika yote. Nikaenda, nikachanja kuku wa nyumba ishirini na tatu."

"Wakafa?"

"Mdondo ulipopita, wakafa wote. Nilikwenda kuona. Kuna mama mmoja anaitwa Bernadina, anaishi na wajukuu wanne. Alikuwa anawafukia kuku wake. Unajua aliniambia nini? Aliniambia, pole, mwanangu, ulihangaika bure, hata chanjo yako imeshindwa." Alifuta uso tena. "Akanipa pole mimi. Akanipa na maboga niende nayo nyumbani."

Ndani ya mashine kitu kiligonga, kikanyamaza, kikagonga tena.

"Sikuweza kumwambia. Nikaahidi kila nyumba vifaranga kumi, bure. Nikajaza mashine ile kubwa. Umeme ukakatika wiki ya pili, jenereta ikakataa kuwaka, mayai yote yakaoza. Wao wananiuliza, Elikana, vifaranga lini? Na orodha ya Judica ilikuwa hapo mezani. Ilikuwa ya kutangazia chakula cha kuku, afande, naapa. Nilikuwa nimewatumia matangazo tu. Siku moja nikaitazama, nikaona kwamba kila mwenye mashine mkoa huu yuko mle, na anasubiri tu kuulizwa."

"Ukauliza."

"Wakajibu. Kila kitu. Sikuamini jinsi ilivyokuwa rahisi."

"Mayai ya Mama Gaudiosa ni ya watu kumi na tisa ambao nao walifiwa na kuku kwa mdondo," Alistidia alisema. "Ulijua?"

Elikana aliinua kichwa. Alizitazama zile herufi kwenye kioo, moja baada ya nyingine, na ilionekana wazi kwamba kwa siku mbili alikuwa akijiuliza ni za nini.

"Hapana," alisema. "Sikujua."

* * *

Gaudiosa alifika alasiri na binamu yake, wakalala hapo hapo dukani, askari mmoja mlangoni. Jumatano hadi jioni vifaranga mia moja arobaini na tisa vilikuwa vimekauka manyoya. Gaudiosa alivihesabu kwa magamba, herufi kwa herufi, ili kila nyumba ijue vyake. Nyumba yenye R ilikuwa na bahati kuliko zote.

Kabla hajapanda gari kurudi Buhembe, aliomba kumwona Elikana mahabusu. Alistidia alisimama karibu, tayari kuzuia maneno makali.

"Ulifanya kazi nzuri na unyevu," Gaudiosa alimwambia. "Ungekuja ukaniomba vifaranga, ningekupa. Hilo ndilo linaloniuma."

Elikana alikiri mahakamani makosa yote. Kuhusu chanjo alisema mwenyewe, bila kuulizwa. Judica naye aliitwa kujibu chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kabla hata ya kuitwa alikuwa ameiondoa ile tiki, akawataka washirika wake watano wafute majina yote, na akamwandikia kila mteja barua moja ya kuomba radhi na kuuliza kama anataka kuandikiwa tena. Kati ya wateja mia mbili na kitu, thelathini na wanane walisema ndiyo. Mwalimu Rugaibula alikuwa mmojawapo. Alimwambia Alistidia kwamba mtu anayeomba ruhusa anastahili maksi.

Alistidia alitumia siku mbili kusafisha sanduku la dawati lake. Alizisoma zote, elfu mbili na zaidi. Alipata taarifa tatu nyingine za wananchi zilizozikwa mle, na akampigia kila mmoja.

Mwisho wa mwezi alimchukua Sabina, wakaenda Ngenge kutambua vielelezo vilivyobaki. Vifaranga vya Sabina vilikuwa vimegawanywa katika nyumba kadhaa, kumi kati ya hivyo kwa Bernadina. Vilikuwa vimeota manyoya karibu mwili mzima. Wajukuu wanne walisimama mbele ya banda kama ukuta.

Alistidia alimweleza bibi yule kila kitu kwa Kihaya, tangu friji hadi blanketi. Bernadina alisikiliza mpaka mwisho bila kuketi.

"Kumbe ilikuwa chanjo," alisema. Alitazama mbali, kwenye mashamba ya mpunga. Kisha akawaambia wajukuu wasogee, akafungua mlango wa banda mwenyewe. "Mwenye mali yupo. Achukue vyake."

Sabina aliinama akaingia. Alikaa mle kwa muda mrefu. Alikagua maji, akakagua majivu sakafuni, akamshika kifaranga mmoja, akampuliza manyoya ya tumbo kuona kama ameshiba. Alipotoka alikuwa na mabua kichwani.

"Mmewatunza," alisema.

"Hawa watoto ndio wanaowatunza," Bernadina alijibu.

Sabina alirudi kwenye gari la polisi. Alistidia alidhani amekwenda kuchukua tenga la kubebea. Aliporudi alikuwa na chupa ya barafu, na ndani ya barafu kichupa kidogo cha dawa, alichokinunua asubuhi kwa mtaalamu wa mifugo kwa sababu alitaka kuwachanja kuku wake kabla hajalala.

"Nishikie huyu," alimwambia mjukuu mkubwa, msichana wa miaka kumi. "Hivi. Usimbane. Kichwa pembeni."

Kifaranga alitulia. Sabina aliinamisha kichupa, na tone moja likaingia jichoni.

"Tone moja tu, jicho moja. Baada ya miezi mitatu, tena. Umeona?"

"Nimeona," msichana akasema.

"Basi lete wa pili. Na bibi yako aje aone, maana nawaacha kwenu, na wakianza kutaga nitarudi na kikapu kuchukua mayai, na sitaki kukuta hata mmoja amepungua."